Stata ya gari ya zamani inasumbua: sikiliza, pima, alafu ndo uifungue

Gari ya zamani ikigoma kuwaka watu wengi wanakimbilia stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, wanaishusha siku hiyohiyo, wanaipeleka ikasukwe upya, wanairudisha na ugonjwa uko palepale. Stata za zamani zimejaa chuma na shaba, zimejengwa kudumu, na nyingi zinazolaumiwa ni nzima kabisa, umeme ndo hauzifikii. Kwa hiyo kabla hujagusa bolti hata moja sikiliza inafanya nini ukipiga stata, manake kila ugonjwa una sauti yake, na mita ya bei ndogo kabisa inatosha kukuambia karibu mengine yote.

Jua kwanza una stata ya aina gani. Stata ya umeme ilianza kufungwa kiwandani kwenye Cadillac ya 1912, kazi ya Charles Kettering na wenzake, Ford Model T ikaja kuipata 1919, na kwa miongo mingi baada ya hapo magari mengi yalitumia mtindo wa bendiksi, yaani pinioni, ile gia ndogo ya stata, inakaa kwenye shafti yenye nyuzi kama za skrubu, mota ikishtuka kuzunguka pinioni inarushwa yenyewe mpaka kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini), injini ikiwaka inarudishwa. Hakuna kitu kinachoisukuma. Solenoidi (switi ya sumaku ya umeme inayopitisha umeme mkubwa wa stata) ya mtindo huu, kama ipo, iko pembeni kwenye bodi ya gari na kazi yake ni switi tu, na gari zingine hazina hata hiyo, unakanyaga switi kwa mguu kama Ford Model A au unavuta kishikio kama Morris Minor za mwanzo. Aina ya pili ndo hii tuliyoizoea, solenoidi imekaa mgongoni mwa stata yenyewe, inavuta uma, uma unasukuma pinioni kwenye meno kwanza alafu ndo mota inapata umeme. Ukizichanganya hizi mbili utatafuta ugonjwa mahali ambapo hauwezi kuwepo.

Na kabla ya yote weka gia nyutro, vuta handbreki, weka kabari kwenye matairi. Nasema hivi kwa uzito kabisa kwa sababu kuna vipimo huko chini unaunganisha umeme moja kwa moja ukiwa umesimama mbele ya gari au umelala chini yake, na gari iliyoachwa kwenye gia itaruka ikupitie, haijalishi kama injini imewaka au haijawaka.

Kimya kabisa, hakuna kitu

Washa taa kubwa, mtu mwingine aziangalie, wewe piga stata. Hiki kipimo hakigharimu chochote na kinagawa kazi mara moja.

Taa zikizima kabisa au zikawa nyekundu nyekundu kama zinakufa, basi umeme unaondoka ila unakwama njiani, na mara nyingi ni kwenye vichwa vya betri. Usidanganywe na kichwa kinachong'aa kwa nje, fungua klempu uangalie ule uso wa ndani unaogusana na risasi, utakuta utando wa kijivu au ungaunga, na huo utando unaweza kupitisha umeme wa taa bila shida lakini wa stata ukagoma. Kwangua pande zote mbili mpaka uone risasi mpya, funga, paka grisi kwa juu baada ya kufunga. Kingine, ukishajaribu mara kadhaa pitisha mkono kwenye viungio vyote, kile kibovu kinakuwa cha moto kuliko vingine.

Taa zikibaki vilevile kana kwamba hujafanya kitu, umeme hauondoki. Hapo angalia switi ya ufunguo, ule waya mwembamba unaoenda solenoidi, switi ya mguu kama ipo (ndani zina shaba inayolika na kuungua), au kaboni za stata, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha hazigusi tena komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba. Kujua kama ni kaboni mtu mmoja apige stata na mwingine agonge kidogo ganda la stata na mpini wa nyundo, ikishtuka ikazunguka umeshapata jibu. Ila usiifanye hiyo ndo njia ya kuwashia gari kila siku, kaboni iliyofika hapo inarusha cheche na inachimba komyuteta, na komyuteta ni ngumu kupata kuliko kaboni.

Taa zikififia sana lakini zisizime na hakuna kinachozunguka, kuna vitu vitatu: betri imeisha, pinioni imekwama kwenye meno, au ndani ya stata kuna shoti. Ya kukwama nitaisema chini.

Inalia tak tak tak, au tak moja tu

Tak nyingi za haraka haraka maana yake solenoidi inapata umeme, inavuta, mota inameza umeme wote, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Hiyo ni betri au kiungio kibovu, karibu mara zote. Chaji betri kwanza, na ipime ikiwa imepumzika: betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6, ya volti 6 inasoma kama 6.3.

Tak moja nzito alafu kimya ni habari nyingine. Solenoidi imevuta vizuri ila shaba za ndani zimeungua hazipitishi, au mota yenyewe haizunguki. Chukua kipande kinene cha chuma chenye mpini usiopitisha umeme, unganisha bolti mbili kubwa za solenoidi. Cheche zitaruka, kwa hiyo usifanye hivyo betri ikiwa inatoka kuchajiwa iko hapo pembeni, ile gesi inayotoka inalipuka. Mota ikizunguka solenoidi ndo mbovu. Isipozunguka na cheche ni kubwa, mota imekwama au ina shoti. Isipozunguka na cheche hakuna kabisa, kaboni au kiungio cha ndani kimekatika. Solenoidi nyingi za zamani zinafunguka, na zile bolti za shaba zinalika upande mmoja tu, unazigeuza nusu mzunguko upande mzima uje mbele unapata maisha mengine marefu.

Inazunguka lakini kwa uchovu

Hapa ndo nataka tukae, manake hapa ndo stata nyingi nzima zinapohukumiwa.

Chukua hesabu ndogo. Stata inavuta tuseme ampia 200. Kiungio kimoja kibovu chenye ukinzani wa om 0.01, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuuona, kinakula volti 2. Kwenye gari ya volti 12 umebaki na kama 10, stata inazunguka kivivu lakini inazunguka. Kwenye gari ya volti 6 umebaki na 4, imekwisha. Magari mengi ya Marekani yalikaa na volti 6 mpaka katikati ya miaka ya 1950, Volkswagen Beetle nyingi mpaka karibu 1967, na ndo maana hizi gari zina sifa ya kuwaka kwa shida wakati zilipotoka kiwandani zilikuwa zinawaka vizuri tu. Kilichobadilika mara nyingi ni kebo. Mtu aliona kebo ya zamani imechoka akaweka ya gari ya volti 12, inaonekana nene, inatosha kwa macho, lakini volti 6 ikitaka kufanya kazi ileile inahitaji ampia mara mbili kwa hiyo kebo lazima iwe nene zaidi, shaba ya milimita za mraba 50 au zaidi, na fupi kadiri inavyowezekana. Na angalia shaba yenyewe siyo plastiki, kuna kebo nene kwa nje na ndani nyuzi ni chache.

Sasa kupima. Chomoa waya wa koili ya plagi ili injini isiwake, mita iwe kwenye volti za betri. Kwanza gusisha ncha za mita kwenye risasi yenyewe ya vichwa vya betri, siyo kwenye klempu, alafu mwenzako apige stata. Betri ya 12 isishuke chini ya kama 9.6 na ya 6 isishuke chini ya kama 4.8, ikishuka betri ni dhaifu au stata inavuta kupita kiasi. Pili, ncha moja kwenye kichwa cha betri kile kisichoenda ethi (yaani bodi ya gari), nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, piga stata, soma: hizo volti unazoziona ndo zinazopotea njiani. Zaidi ya 0.5 una kazi ya kufanya kwenye gari ya 12, na kwenye ya 6 hata 0.3 mimi sikubali. Tatu, ncha moja kwenye ganda la stata na nyingine kwenye kichwa cha ethi cha betri, hapo isizidi 0.2. Ukikuta kubwa hamisha ncha moja hatua kwa hatua, kutoka risasi kwenda klempu, klempu kwenda kebo, kebo kwenda bolti ya bodi, pale usomaji unaporuka ndo pana ugonjwa wako.

Hii ya tatu watu wanairuka na ndo yenye siri nyingi. Injini imekaa kwenye raba, raba hazipitishi umeme, kwa hiyo lazima kuwe na mkanda wa shaba kutoka injini kwenda chesisi. Ukikatika au mtu akiusahau baada ya kushusha injini, umeme unatafuta njia nyingine na unaipata: kebo ya choki, kebo ya mafuta, hata kebo ya klachi. Ukiona kebo ya choki inatoa moshi au ganda lake limeyeyuka usibadilishe kebo peke yake, tafuta ule mkanda. Na magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ethi yake ni chanya, soma kwanza alama kabla hujaunganisha betri au kutoa kebo. Stata yenyewe, ikiwa sumaku yake ni ya koili za waya, haijali, ukigeuza chanya na hasi inazunguka upande uleule, ila dinamo na redio vinajali sana.

Njia ikiwa safi na bado imechoka, pima ampia kwa mita ya kubana inayosoma umeme wa betri. Ampia nyingi na mzunguko wa taratibu, kitu kinakaza: injini ngumu, oili nzito mno, bushi zinazoshika shafti zimelika mpaka amecha, ile sehemu inayozunguka, inasugua ganda, au koili za ndani ya stata zina shoti. Ampia chache na mzunguko wa taratibu, umeme unabanwa: kaboni, komyuteta chafu, au kiungio cha ndani. Hicho kipimo kimoja kinakuokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kuna uchovu mwingine siyo wa stata kabisa. Injini inazunguka, inagota, inarudi nyuma kidogo, inazunguka tena. Hiyo ni taimingi imetangulia mno, moto unawaka kabla pistoni haijafika juu. Kata umeme wa koili ya plagi alafu piga stata, ikizunguka laini umeshajua. Kwenye gari zenye lever ya taimingi kwenye usukani irudishe nyuma kabla ya kuwasha, na hasa kama utatumia hendeli ya mkono, ambapo kidole gumba kinakaa upande mmoja na vingine, hakizungushwi kwenye hendeli, manake injini ikirudi nyuma inavunja mkono.

Mota inalia wiiii injini haizunguki

Kwenye bendiksi mara nyingi ni uchafu. Vumbi la klachi limechanganyika na oili kwenye zile nyuzi, pinioni haitelezi. Osha kwa mafuta ya taa na brashi mpaka pinioni ikimbie kwa mkono bila kukwama, kausha. Usipake grisi. Najua mkono unataka kupaka, lakini grisi ndo inayokusanya vumbi na mwezi ujao uko palepale, kama kitabu cha gari kinaruhusu basi tone moja la oili nyepesi na siyo zaidi. Angalia pia ile springi kubwa ya bendiksi, ikivunjika mota inazunguka peke yake. Na kama umeweka betri ya volti 12 kwenye stata ya volti 6 itazunguka kwa furaha kwa muda, ila pinioni inapigwa kwenye meno kwa nguvu ambayo haikuundwa kuibeba, springi na meno ndo vinalipa.

Kwenye stata ya solenoidi ya mgongoni, sauti hiyo ni klachi ya upande mmoja iliyo kwenye pinioni inateleza. Izungushe kwa mkono, upande mmoja iende na mwingine igome. Ikienda pande zote badilisha, haitengenezeki. Na usiitumbukize kwenye petroli kuisafisha, grisi yake imefungiwa ndani, ukiiosha inatoka na hairudi.

Kama inakwaruza krrrr, angalia meno ya flaiwili. Injini ikizimwa inasimama karibu sehemu zilezile, ya silinda nne sehemu mbili na ya sita sehemu tatu, kwa hiyo meno yanalika hapo tu na kwingine ni mazima, ndo maana leo inashika kesho inakwaruza. Sukuma gari kidogo ikiwa kwenye gia ujaribu tena, ikishika umepata uthibitisho.

Imekwama, au haitaki kuachia

Pinioni ikikwama kwenye meno weka gia ya juu, ufunguo ukiwa umezimwa, itikise gari mbele na nyuma. Stata nyingi za Lucas, watengenezaji wa Uingereza, zina ncha ya mraba nyuma ya shafti, mara nyingine chini ya kifuniko kidogo, unaweka spana unazungusha inaachia. Ikirudia rudia angalia bolti za kufungia stata, zikilegea inakaa upande.

Ikiwaka na stata inaendelea kuzunguka hata ukitoa ufunguo, shaba za solenoidi zimeshikana kwa joto. Kimbilia betri, toa kebo, usikae kufikiria. Sababu mara nyingi ni volti ndogo, kwa hiyo baada ya kubadilisha solenoidi rudi ukapime kebo la sivyo mpya itaungua hivyohivyo.

Inayopiga vizuri asubuhi na kugoma injini ikiwa moto, kwanza kiungio na ethi, shaba ikipata joto ukinzani unapanda na kile kilichokuwa kinavumilika hakivumiliki tena. Alafu bushi zilizobana. Kama stata iko jirani na bomba la moshi weka bati la kukinga joto.

Imebidi ifunguliwe

Toa kebo ya ethi ya betri kwanza. Piga alama kwenye ganda na vifuniko vyote viwili kabla hujalegeza bolti ndefu, ili virudi vilivyokaa.

Ukitoa kifuniko cha nyuma angalia ndani ya ganda kabla ya kufuta chochote. Vitone vya risasi vilivyorushwa na kuganda kwenye ukuta maana yake amecha ilipata moto mpaka viungio vyake vikayeyuka, mtu alishikilia stata muda mrefu. Mistari inayong'aa kwenye vile vyuma vya koili maana yake amecha inasugua, bushi zimekwisha. Vumbi jeusi peke yake ni la kaboni, ni la kawaida.

Kaboni ziteleze kwenye nyumba zake bila kukwama na zisiwe fupi, kwa stata nyingi za Lucas chini ya milimita 8 unabadilisha. Zilizounganishwa kwenye koili kwa risasi ya kuchomelea zinataka pasi kubwa ya kuchomelea yenye moto wa kutosha kwa sababu shaba inanyonya joto, na ushike ule waya wa nyuzi kwa koleo karibu na kiungio, risasi isipande ndani yake, ikipanda waya unakuwa mgumu kama msumari na kaboni haishuki tena.

Komyuteta isafishe kwa msasa laini wa kioo, siyo ule mweusi wa chuma, punje zake zinabaki kati ya vipande. Ikiwa na mabonde ikerezwe kidogo. Lakini ile maika (kitu kisichopitisha umeme) kati ya vipande usiichimbe kwa mazoea ya dinamo, Lucas kwa mfano wanakataza kabisa kwenye stata zao. Pima kwa mita kati ya kila kipande na shafti, pasiwe na njia. Shoti kati ya nyuzi na nyuzi mita haiioni, hiyo inahitaji mashine ya sumaku ya kupimia amecha, mpelekee anayesuka mota.

Bushi mpya za shaba ya vitundu zilowekwe kwenye oili ya injini saa 24 kabla ya kuzipiga ndani, na usizipanue baada ya hapo, utaziba vile vitundu.

Kabla ya kuirudisha ibane kwenye jiriwa, iunge na kebo nene, ijaribu kwa sekunde chache tu, inaruka kwa nguvu ikianza, na bila mzigo inapandisha kasi kupita kiasi. Na kama umeipaka rangi kwangua sehemu inayogusana na injini mpaka chuma kionekane, stata inapata ethi kupitia hapo, rangi nzuri ya pande zote ni kiungio kibovu ulichokitengeneza mwenyewe. Funga bolti, rudia vile vipimo vitatu vya volti, na ukiwasha usishikilie zaidi ya sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja, iache ipoe dakika mbili ndo ujaribu tena.